Kuliondolea Jembe Sura ya Adhabu: Hotuba kwa Walimu Wanafunzi wa Somo la Kilimo

Ndugu Mwenyekiti, wahadhiri wetu, walimu walezi mliotoka katika shule mbalimbali za Mkoa wa Morogoro, na ninyi walimu wanafunzi ambao karibuni mtaripoti vituoni kwa ajili ya mafunzo kwa vitendo,

Nimeombwa nizungumzie kipindi changu cha mwanzo nilipokuwa mwalimu mwanafunzi wa somo la Kilimo. Nimekubali kwa moyo mkunjufu, kwa sababu yale niliyoyaona wakati ule ndiyo yaliyonifanya nibaki katika kazi hii. Nitalisema mapema neno ninalotaka mlichukue: kazi ya shambani ambayo mwanafunzi hakuiuliza swali, hakuipima wala hakuiandika, si somo, hata kama ratiba imeonyesha kwamba kipindi hicho ni cha Kilimo na wanafunzi wote wametoka jasho. Hiyo ni kazi tu, na kazi tu wanaifanya nyumbani kwao kila siku bila kuhitaji mwalimu aliyesoma chuo kikuu.

Somo letu lina ugumu ambao masomo mengine hayana. Mwalimu wa Fizikia anapoingia darasani, hakuna mwanafunzi anayeamini kwamba anaijua Fizikia kuliko yeye. Mwalimu wa Kilimo anasimama mbele ya vijana waliolima tangu walipoweza kushika jembe, ambao wazazi wao wanalima, na ambao wengi wao wameshaamua moyoni kwamba shule ndiyo njia ya kuachana na shamba. Anakutana pia na walimu wenzake wanaodhani kwamba somo hili halihitaji maandalizi, na kwamba kipindi chake kinaweza kuazimwa wakati wowote ili kumalizia mada ya Hisabati. Msivunjike moyo mtakapokutana na hayo, kwani yana historia, na ni vyema mwalimu wa Kilimo akaijua historia hiyo kabla hajafika kituoni.

Mwaka 1924, tume ya elimu ya Phelps-Stokes, mfuko wa hisani wa Marekani, iliyoongozwa na Thomas Jesse Jones, ambayo mmoja wa wajumbe wake alikuwa James Aggrey wa Gold Coast, yaani Ghana ya leo, ilizunguka Afrika Mashariki, Tanganyika ikiwamo, ikapendekeza kwamba elimu ya Mwafrika ijengwe juu ya kilimo, afya na maisha ya kijijini. Mapendekezo hayo yalikuwa na mengi ya maana. Lakini yalitolewa chini ya utawala uliogawa vyeo kwa rangi ya ngozi, na wazazi wengi wakaona kwamba mtoto anayefundishwa jembe anaandaliwa kukaa nje ya ofisi maisha yake yote. Mimi sioni kwamba hofu yao ilikuwa ya bure.

Baada ya uhuru, mnamo Machi 1967, Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Nawasihi muusome wenyewe, msitosheke na kuusikia ukitajwa katika hotuba, kwa sababu ndani yake hamtakuta jembe peke yake. Mwalimu hakutaka kila shule iongezewe kishamba cha maonyesho. Alitaka shule yenyewe iwe pia shamba, na wanafunzi washiriki katika kuamua, kwa mfano, kama fedha walizozipata kwa mavuno yao zikodi trekta, au zitumike kwa jambo jingine nao wakubali kufanya kazi ile kwa mikono yao. Alitaka tabia za mbolea zielezwe katika somo la sayansi, kisha wanafunzi waone shambani faida ya mbolea hizo na mipaka yake. Uamuzi, hesabu na sayansi ndivyo vilivyokuwa kiini cha fikra ile. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likasisitiza kazi za uzalishaji shuleni, na hapo, katika utekelezaji, shule nyingi zikalishika jembe zikaviacha vile vingine. Baadaye jembe likawa adhabu: aliyechelewa analima, aliyepiga kelele analima, aliyekosa kuchomekea shati analima. Taifa limepitia Siasa ni Kilimo mwaka 1972 na Kilimo Kwanza mwaka 2009, lakini kijana ambaye shule imemzoesha kuona kwamba kulima ni malipo ya kosa hashawishiki kwa kaulimbiu yoyote, iwe nzuri namna gani.

Hayo ndiyo niliyoyakuta. Nilipangiwa shule ya kata katika Wilaya ya Mvomero, mojawapo ya zile zilizojengwa kwa nguvu za wananchi baada ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari kuanza mwaka 2004. Nilifika mwezi Julai, mabua ya mahindi yakiwa yamesimama makavu katika shamba la shule. Asubuhi ya kwanza mwalimu wa zamu alinikabidhi kundi la wachelewaji akaniambia kwamba, kwa kuwa mimi ni wa Kilimo, niwapeleke shambani. Hakuwa na nia mbaya. Ndivyo shule ilivyokuwa inaendeshwa, na pengine ndivyo alivyolelewa yeye mwenyewe alipokuwa mwanafunzi. Mgeni hamkatalii mwenyeji wake siku ya kwanza, kwa hiyo niliwapeleka. Lakini baada ya vipindi nilikwenda kwa mkuu wa shule, nikiwa na azimio langu la kazi mkononi, nikamwomba mambo mawili: kipande kidogo cha ardhi karibu na bomba ambacho hakuna mwanafunzi atakayepelekwa kwa adhabu, na ruhusa ya kutumia mahindi ya mistari michache ya shamba la shule kwa ajili ya masomo. Alinikubalia yote mawili, na ninamshukuru hadi leo.

Nawaomba mliangalie vizuri ombi lile la kwanza. Sikumwambia mkuu wa shule aondoe adhabu ya kulima shuleni kwake, kwani mwalimu mwanafunzi hana mamlaka hayo wala hakai muda wa kutosha kuyapigania. Nilimwomba mahali pamoja tu ambapo jembe lingekuwa na maana nyingine. Ukiomba kitu kidogo, kwa adabu, na ukionyesha katika andalio la somo kitatumikaje, wakuu wa shule wengi watakupa. Wanachokichoka ni mgeni anayekuja na malalamiko.

Sasa nizungumzie kiangazi, kwa sababu najua mnakinung'unikia. Mafunzo yetu kwa vitendo huangukia kati ya Julai na Septemba, na katika sehemu kubwa ya mkoa huu masika huwa yamekwisha tangu Mei, wakati vuli bado. Mwalimu mwanafunzi anafika akiwa na maandalio mazuri ya kupanda mahindi kwa nafasi, anakuta ardhi ngumu kama tofali, na anaishia kuchora mistari ya upandaji ubaoni. Nami nilisikitika hivyo mwanzoni. Nilichokuja kukielewa ni kwamba tunauona mwaka wa mkulima kama mwaka wa kupanda peke yake. Julai ndio wakati wa kuvuna, kukausha, kupukuchua, kuhifadhi na kuchagua mbegu, na ndio wakati ambapo familia nyingi hupoteza chakula ambacho tayari wameshakitolea jasho. Dumuzi, mdudu aliyetoka Amerika ya Kati na kuonekana hapa nchini kwa mara ya kwanza mkoani Tabora, anaweza kuyageuza mahindi ya ghala zima kuwa unga kabla mvua zinazofuata hazijanyesha. Sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, hutokea katika nafaka iliyohifadhiwa ikiwa na unyevu, na mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mwalimu anayesema hana la kufundisha wakati wa kiangazi anayapita masomo haya akielekea kutafuta mvua.

Niruhusuni niwaeleze somo moja kwa kirefu, kwa kuwa linaonyesha ninachokisema kuliko maelezo yangu mengine yote. Niliwataka Kidato cha Pili waje na mahindi kutoka nyumbani, kila mmoja kiasi cha kujaa kiganja, na kila mmoja aandike kwenye karatasi mahindi hayo yalivunwa lini na yalianikwa wapi. Sisi tulikuwa na chupa za soda za kioo zilizooshwa na kukaushwa juani, pamoja na chumvi iliyokauka kabisa. Kila kundi liliweka mahindi katika chupa hadi kufikia robo yake, likaongeza vijiko vichache vya chumvi, likaziba na kutikisa kwa dakika moja hivi, kisha likaiacha chupa itulie kwa robo saa. Mahindi yakiwa bado na unyevu wa zaidi ya asilimia 15, chumvi huunyonya unyevu huo ikang'ang'ania kwenye kioo. Yakiwa makavu zaidi ya hapo, chumvi huporomoka yote chini na kioo kinabaki safi.

Kabla ya kutikisa niliwauliza kila mmoja aseme mahindi ya kwao ni makavu au mabichi, na aandike jibu lake. Walijibu kwa uhakika mkubwa, kwa sababu kila mtu alikuwa ameshajifunza nyumbani kuuma punje kwa meno na kusikiliza mlio wake. Baada ya robo saa, chupa kadhaa ambazo wenyewe walikuwa wameziandika kuwa za mahindi makavu zilikuwa zimepakwa chumvi nyeupe kuanzia chini hadi shingoni. Darasa lilinyamaza kidogo, kisha likaanza kubishana, na ubishi huo ulikuwa wa thamani kuliko chochote nilichokuwa nimekiandika katika andalio langu. Binti mmoja aligundua, kwa kulinganisha zile karatasi, kwamba mahindi yaliyoanikwa juu ya turubai yalikuwa yamefanya vizuri kuliko yaliyoanikwa juu ya ardhi tupu. Hakuna aliyemwambia atazame hivyo. Alitazama kwa sababu tarehe na mahali vilikuwa vimeandikwa, na kama visingeandikwa asingekuwa na cha kulinganisha.

Hapo mwalimu ana wajibu wa kuwa mkweli kuhusu mipaka ya jaribio lenyewe. Nafaka ya kuhifadhi kwa muda mrefu inapaswa ishuke hadi unyevu wa asilimia 13 hivi, na chumvi haiwezi kuonyesha tofauti kati ya 13 na 14. Inaweza kukuambia kwamba mahindi bado, lakini haiwezi kukuthibitishia kwamba yameshakuwa tayari kabisa. Nilipowaeleza hivyo, mvulana mmoja akauliza kwa nini basi tunalitumia. Ni swali ambalo ningependa kila mtoto wa nchi hii aulize kuhusu kila kipimo anachoonyeshwa, na tulilijadili kwa muda uliobaki wa kipindi chote. Jioni hiyo wanafunzi wawili walikuja kuniomba chupa waende nayo nyumbani.

Kutoka hapo tulihamia kwenye mbegu. Utaratibu wa jaribio la uotaji mnaujua: punje 100 zinapangwa juu ya kitambaa chenye unyevu, kitambaa kinaviringishwa na kuwekwa mahali penye joto la kawaida, na kwa mahindi tunahesabu zilizoota siku ya 4 na tena siku ya 7. Hapa hapa Morogoro, Taasisi ya Udhibiti Ubora wa Mbegu Tanzania, yaani TOSCI, hufanya kazi ya namna hiyo katika maabara zake, nami niliwaambia wanafunzi hivyo, kwa sababu nilitaka wajue kwamba kile kipande cha khanga chenye maji kilikuwa ni maabara kweli. Swali lililotuongoza lilitoka kwao: je, punje iliyotobolewa na dumuzi inaota? Nusu ya darasa ilisema ndiyo, nusu ikakataa. Tukachambua punje nzima tukaziweka upande wake, na zenye matundu upande wake. Baadhi ya zenye matundu ziliota, na wale waliosema ndiyo wakashangilia. Lakini tulipozitazama kwa karibu tukaona kwamba nyingi zilikuwa na machipukizi membamba na mafupi, kwa kuwa mdudu alikuwa ameacha kiini akala chakula ambacho mche hukitegemea kabla haujapata majani. Zile alizokula kiini chenyewe ziliota ukungu tu.

Kisha tukapiga hesabu. Ukipanda mahindi kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na sentimita 30 kati ya mashina, punje moja kwa shimo, ekari moja inachukua takribani mashimo 18,000. Mbegu zako zikiwa zinaota 60 tu kati ya 100, mashimo 7,200 yatabaki matupu, nawe umeshalipia kulima, umeshapoteza siku za kupanda, na palizi utalifanya katika ardhi isiyo na mmea. Sikulazimika kuongeza neno. Wanafunzi wale wale waliokuwa wakiambiwa kwamba Hisabati na shamba havipatani walikuwa wakitafuta wenyewe jawabu la shimo moja lipewe mbegu ngapi, na kama kuongeza mbegu ni nafuu kuliko kununua mbegu bora. Nawaombeni msijibu maswali ya namna hiyo kwa haraka, kwa sababu jibu hutegemea bei ya mwaka husika na mfuko wa familia, na mwanafunzi anastahili kulifikia mwenyewe.

Katika darasa langu walikuwamo pia watoto wa wafugaji, hasa Wamaasai, pamoja na watoto wa wakulima wa mpunga na mahindi. Ninyi mnaokwenda Mvomero na Kilosa mnafahamu kwamba uhusiano wa pande hizi mbili umepitia misukosuko mikubwa, na kwamba damu imemwagika kwa ajili ya malisho na mashamba. Mwalimu wa Kilimo hawezi kuingia hapo kana kwamba hajui. Nilipofika mada ya mifugo nilimwomba kijana mmoja wa kifugaji, ambaye hadi siku hiyo hakuwa amewahi kunyoosha mkono, atueleze ng'ombe anajulikanaje umri wake. Alieleza kuhusu meno kwa utulivu wa mtu mzima: jozi ya kwanza ya meno ya kudumu hutokea ng'ombe akiwa na miaka miwili hivi, na jozi zote nne hukamilika anapokaribia miaka mitano. Alieleza pia jinsi anavyopapasa tezi zilizo chini ya masikio ya ndama anapomshuku ugonjwa wa ndigana. Watoto wa wakulima walimsikiliza kwa makini ambayo sijui kama walishawahi kumpa.

Alizungumza kwa Kiswahili, nami nilimwacha azungumze hivyo mpaka mwisho, kisha nikaandika ubaoni istilahi za Kiingereza zitakazotakiwa katika mtihani wa taifa. Naamini nilifanya sawa, na ningefanya hivyo hivyo leo. Mwanafunzi aliyejawa na ujuzi akilazimishwa kuanza na lugha ambayo haijakaa sawa kinywani mwake atanyamaza, na mwalimu atabaki akidhani kwamba hajui. Baada yake ndipo nami nikaongeza kile ambacho kijana yule hakuwa nacho: kwamba ndani ya kupe yule wa masikio anayemfahamu kuna kijidudu kisichoonekana kwa macho, ambacho ndicho kinachoua ndama, na kwamba chanjo wanayoiona wafugaji wa kaskazini wakiitumia, ile inayofuatana na hereni ya sikioni, humwambukiza ndama ugonjwa kwa kipimo na kumtibu papo hapo ili mwili wake ujifunze kujikinga. Ujuzi wake na wangu ulihitajiana. Sikumfundisha kufuga, na yeye hakuhitaji nimfundishe.

Kuhusu ukubwa wa madarasa sitasema mengi, maana mtayaona wenyewe. Majembe yakiwa machache na wanafunzi wengi, gaweni kazi katika vituo: kundi moja lipime kwa kamba yenye alama, jingine lichimbe, jingine lirutubishe kwa samadi, jingine liandike katika daftari la shamba, kisha yabadilishane. Daftari hilo mlipe heshima. Liwe moja la darasa zima, lihifadhiwe mahali panapojulikana, na liandikwe na wanafunzi wenyewe kwa zamu. Mhadhiri alipokuja kunitathmini aliomba kuona daftari la shamba kabla hajaomba andalio la somo, na tangu siku hiyo nimeona kwamba ni desturi inayofaa kuigwa.

Jambo lililonipa shida zaidi lilitokea nje ya darasa. Katika kikao cha wazazi alisimama baba mmoja, mtu wa heshima zake, akasema kwamba yeye amemleta mtoto shuleni asome, na kama ni kulima, shamba analo nyumbani. Watu walipiga makofi. Niliwaza juu ya wale wazazi wa mwaka 1924, nikaona kwamba mtu huyu anastahili jibu la kweli. Nilimweleza kwamba ninakubaliana naye kabisa, na kwamba mtoto wake akija nyumbani akiwa amelima tu bila kujua jambo jipya, basi mimi nimemdhulumu. Kisha nikamwomba amruhusu mtoto wake afanye jambo moja nyumbani, na yeye mwenyewe aamue mwishoni kama ni kusoma au si kusoma.

Jambo hilo sikulibuni mimi. Mwaka 1908 huko Massachusetts, Marekani, mwalimu aitwaye Rufus Stimson, aliyekuwa akiongoza shule ya kilimo katika mji wa Northampton, alianza kuwapa wanafunzi wake miradi ya kufanya katika mashamba ya wazazi wao, huku mwalimu akiwatembelea na kukagua kumbukumbu zao. Utaratibu huo ukaja kuwa nguzo ya elimu ya kilimo katika nchi ile. Sisi tulichagua kuku wa kienyeji, kwa sababu karibu kila nyumba ilikuwa nao. Kila mwanafunzi alifungua ukurasa wa kuandika mayai yaliyotagwa, yaliyoatamiwa, vifaranga vilivyototolewa baada ya siku 21, na vilivyokufa pamoja na sababu. Waliandika pia tarehe ya chanjo ya kideri, tone moja jichoni kwa kila kuku, inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu. Wengi hawakuwa wamewahi kuhesabu vifaranga vinavyokufa. Vifo hivyo walivichukulia kama mapenzi ya Mungu. Walipoviandika walianza kuuliza, na wazazi nao wakaanza kuuliza. Yule baba alikuja shuleni baada ya muda. Hakuzungumzia tena suala la kulima. Alitaka kujua chanjo inauzwa wapi, na chupa iliyofunguliwa inakaa kwa muda gani.

Ndugu zangu, mnaingia kazini katika wakati wenye nafasi kubwa kuliko tuliyokuwa nayo sisi. Tangu Januari 2024 mitaala mipya imeanza kutumika, na elimu ya sekondari sasa ina mkondo wa jumla na mkondo wa amali, yaani wa stadi za kazi, ambamo kilimo na ufugaji ni sehemu. Nafurahi, na wakati huo huo nina wasiwasi. Mkondo wa amali unaweza kuwapa wanafunzi wetu kile ambacho waraka wa 1967 ulikitaka, na unaweza pia kuwa jina jipya la kupeleka watoto shambani bila swali, bila kipimo na bila daftari. Itategemea mwalimu aliye mbele yao, na kwa sehemu itawategemea pia ninyi wahadhiri na wakuu wa shule mlio hapa. Kwa wakuu wa shule ninalo ombi moja, nalo ni lile lile nililomwomba mwenyeji wangu wa Mvomero: tengeni eneo la somo la Kilimo ambalo halitatumika kwa adhabu, mlitangaze hivyo mbele ya shule nzima, na mwalimu wa zamu alifahamu. Kwa wahadhiri naomba kwamba, kama ratiba ya chuo haiwezi kuhamishwa kutoka kiangazi, basi mada za hifadhi ya mavuno, mbegu, udongo na mifugo zipewe uzito katika maandalizi kabla ya safari, na walimu wanafunzi wapate walau ziara fupi katika shule zao wakati wa mvua, ili waone jinsi palizi na upandaji unavyofundishwa katika darasa halisi.

Limebaki jambo la makabidhiano, ambalo mara nyingi husahaulika. Bustani nyingi za walimu wanafunzi hufa ndani ya mwezi mmoja baada ya wao kuondoka, na wanafunzi hujifunza kwamba ile ilikuwa kazi ya mgeni. Anzeni kukabidhi mapema, wiki kadhaa kabla ya kufunga mizigo. Mwalimu mwenyeji wa somo aingie katika kila kipindi cha vitendo, hata kama ni kwa dakika chache, ili wanafunzi wamwone yeye ndiye mwenye bustani. Kwenye jalada la daftari la shamba waandikwe wanafunzi wa Kidato cha Pili na wa Kwanza watakaosimamia umwagiliaji, kwa kuwa Kidato cha Nne wataondoka Novemba. Mbegu zilizobaki zikabidhiwe kwa maandishi, zikiwa na tarehe na matokeo ya jaribio la uotaji. Na kwa kuwa likizo ya Desemba huja katika vuli, wakati bustani inahitaji mtu zaidi kuliko wakati mwingine wowote, kubalianeni na mkuu wa shule kabla hamjaaga kuhusu nani ataingia shuleni likizo, ufunguo wa stoo atauchukua kwa nani, na mavuno yatakayopatikana yatagawanywa vipi. Nakala ya makubaliano hayo ibaki kwa mkuu wa shule, nyingine ibaki ndani ya daftari la shamba.

Nawashukuru kwa kunisikiliza.